Bunduki za Kale Mpakani: Jinsi Silaha za Misafara Zinavyotengenezwa kwa Vipande Vyake vya Asili

Nchi ya Busia na Malaba ilikuwa njia kabla ya kuwa mpaka. Katika karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka pwani kwenda Buganda ilitua kwa Nabongo Mumia, ikanunua mtama na mbuzi, ikawapumzisha wapagazi, kisha ikashika njia ya magharibi kuvuka mto Sio na kuingia Busoga. Askofu Hannington alipita pande hizo mwaka wa 1885, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Baadaye ilikuja Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, iliyopewa hati yake mwaka wa 1888. Na baada ya Kampuni ikaja Serikali, na njia ya magari ya ng'ombe iliyoitwa kwa majina ya Mackinnon na Sclater ikapasuliwa kutoka Mombasa hata Busia, mwendo wa maili 600 hivi.

Hapakuwa na msafara uliopita bila bunduki. Nyingi zilirudi pwani au zilifika Uganda, lakini nyingine zilibaki. Ziliuzwa kwa pembe, ziliibwa usiku kambini, zilichukuliwa na askari watoro, au ziliachwa kando ya njia pamoja na yule aliyezichukua. Si ajabu, basi, ikiwa mtu wa Amukura, Nambale au Funyula atabomoa nyumba ya marehemu babu yake na kukuta juu ya boriti kitu kirefu kilichofungwa kwa ngozi, kizito, chenye kutu, na kitako kilicholiwa na mchwa.

Mtu huyo atafanya nini? Hapo ndipo penye shida, maana wengi hufanya moja ya mambo mawili, na yote mawili ni mabaya. Ama huchukua msasa na kukisugua chuma mpaka king'ae kama sufuria mpya, ama hukipeleka kwa mwenye kununua vyuma vikuukuu na kulipwa bei ya kilo nne za chuma. Kwa njia ya kwanza maandishi yote hufutika. Kwa njia ya pili bunduki yenyewe hupotea. Tena katika njia zote mbili yuko hatarini kuumia, na yuko hatarini kushtakiwa.

AINA ZILIZOPITA NJIA HII

Bunduki iliyojulikana zaidi na watu wa bara ni gobori, yaani bunduki ya kumiminia baruti mdomoni na kushindilia kwa mdeki. Gobori zilikuwa nyingi, na sababu yake moja ni sheria. Katika Mkataba wa Brussels wa mwezi wa Julai, 1890, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu, na zile za kutilia risasi kwa nyuma, zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, toka digrii 20 kaskazini mwa ikweta hata digrii 22 kusini. Gobori zisizo na mifuo hazikukatazwa kwa ukali ule ule. Kwa hiyo mfanyabiashara aliweza kuuza gobori, lakini bunduki ya kijeshi ilitoka mkononi mwa askari kwa magendo, kwa kutoroka au kwa vita. Ndiyo maana bunduki za kijeshi za wakati ule ni chache sana leo.

Ya kwanza kati ya hizo ni Sinaida. Waingereza waliikubali mwaka wa 1866. Walikuwa na bunduki nyingi za Enfield za mfano wa 1853, zote za kushindilia, na hawakutaka kuzitupa. Mmarekani aitwaye Jacob Snider aliwaonyesha namna ya kukata sehemu ya nyuma ya mtutu na kutia hapo kipande cha chuma chenye bawaba upande wa kulia, kinachofunguka kama kifuniko cha sanduku. Askari hufungua, hutia risasi, hufunga, hupiga. Kisha hufungua tena, huvuta kifuniko nyuma ili ganda litoke, na huigeuza bunduki ili ganda lianguke chini. Mwenye gobori alipiga mara tatu kwa dakika akiwa hodari. Mwenye Sinaida aliweza kupiga mara kumi. Tundu lake ni pana, karibu milimita 15. Askari wa Kampuni waliopita kwa Mumia pamoja na Kapteni Lugard mwaka wa 1890 walikuwa na Sinaida, na wakati huo jeshi la Uingereza kwao lilikuwa limekwisha kuziacha.

Ya pili ni Rimintoni, iliyotengenezwa Ilion katika jimbo la New York na kununuliwa na Serikali ya Misri kwa maelfu. Wasudani wa Emin Pasha walikuwa nazo, na Lugard alipowaleta Wasudani hao Uganda kutoka Kavalli mwaka wa 1891, bunduki zao zilikuja nao. Mtambo wake ni wa ajabu kwa urahisi wake: nyundo na kifuniko ni vipande viwili tu vinavyoviringika kila kimoja juu ya pini yake, na nyundo inapoanguka huingia nyuma ya kifuniko na kukizuia kisirudi nyuma. Kwa hiyo baruti yenyewe hukaza mtambo inapolipuka.

Ya tatu ni Martini, iliyoanza kutumika katika jeshi la Uingereza mwaka wa 1871. Mtambo ni wa Friedrich von Martini wa Uswisi, na mifuo saba ya mtutu ni ya Alexander Henry wa Edinburgh. Haina nyundo ya kuonekana nje. Chini, nyuma ya kifyatulio, kuna wenzo. Ukivutwa chini kifuniko hushuka na ganda hutupwa nje. Ukirudishwa juu mtambo huwa umekwisha kukazwa, tayari kupigwa. Upande wa kulia kuna kipande kidogo chenye umbo la tone la maji, kinachomwonyesha askari kama mtambo umekazwa au la. Kutu ikikishika kipande hicho husema uongo, na mwenye kukiamini huweza kufa.

Katika vita vya 1914 hata 1918 zilikuja pia Mauza za Kijerumani za mfano wa 1871, ambazo moshi wake mzito uliwafichua askari waliozipiga. Lakini hizo ni habari za mbele.

MWAKA WA 1895

Bunduki hizi hazikuwa pambo. Katika mwaka wa 1894 Wabukusu walikuwa na bunduki walizopata kwa misafara na kwa askari watoro, na watawala waliokuwa kwa Mumia walitaka zirudishwe. Kikosi cha askari kilichotumwa kuzidai kiliuawa. Mwaka uliofuata C. W. Hobley alikwenda na jeshi kubwa la Wasudani na wasaidizi wa makabila mengine, wakapigana na Wabukusu katika maboma ya Lumboka na Chetambe, karibu na mahali panapoitwa Webuye leo. Watu wengi walikufa, na maboma yakaanguka. Vita hivyo vilitokana na mambo mengi, lakini bunduki chache zilizokuwa mikononi mwa watu wasiotakiwa kuwa nazo zilikuwa ndani ya ugomvi tangu mwanzo.

Kwa ajili hiyo Sinaida moja yenye alama zake zote ni ushahidi. Alama zikisomeka zinaweza kueleza ilitoka kiwanda gani na mwaka gani, na pengine ilikuwa ya jeshi gani. Ikiwa imesuguliwa, ni bomba la chuma tu.

Jambo moja lafaa kukumbukwa. Mwaka ulioandikwa juu ya chuma ni mwaka wa kutengenezwa, si mwaka wa kufika Afrika. Sinaida ya mwaka wa 1870 yaweza kuwa ilikaa ghalani Uingereza miaka ishirini kabla ya kupakiwa melini.

KWANZA HATARI

Mtu asiyejua hudhani ya kuwa baruti huoza kama unga. Haiozi. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu hulipuka hata baada ya miaka mia moja, na gobori nyingi ziliwekwa darini zikiwa zimeshindiliwa tayari, maana mwenyewe alizitaka ziwe tayari. Kuitia bunduki ya namna hiyo motoni ili kutu ilegee, au kuigonga kwa nyundo, ni kutafuta msiba. Fundi mwenye ujuzi kwanza hutia fimbo ya mti mdomoni mwa mtutu mpaka igote, huiwekea alama, kisha huilaza fimbo hiyo nje, juu ya mtutu, na kupima. Ikiwa fimbo haifiki mahali mtutu unapoishia nyuma, ndani mna kitu. Lakini hiyo ni kazi ya fundi mwenye idhini. Aliyeikuta bunduki darini hana kazi ila kuiacha ilivyo, kuwaondoa watoto, na kuwaita polisi.

NAMNA YA KUITENGENEZA

Maneno "kutengeneza bunduki ya kale" yana maana mbili, na zisichanganywe. Kuna kutengeneza ili ipigwe tena, na kuna kutengeneza ili isimame kama ilivyokuwa na isizidi kuharibika. Kazi ya nyumba za makumbusho ni hii ya pili. Chuma kilichokaa miaka mia na thelathini katika unyevu wa Ziwa Viktoria hakiaminiki, na mtutu wa Sinaida nyingi ni wa chuma laini cha kufua, kwa maana ulianza maisha yake kama mtutu wa bunduki ya kushindilia. Ni zile za Chapa ya Tatu tu zilizopewa mtutu wa pua.

Baada ya kuhakikisha kwamba haina kitu ndani, fundi huipiga picha pande zote. Kisha hujaribu parafujo. Hapa ndipo wengi huharibu. Bisibisi ya dukani ni nyembamba nchani na huzidi unene kuelekea juu, nayo huteleza na kuvunja kichwa cha parafujo. Fundi hodari huichonga bisibisi yake kwa tupa mpaka ikae sawasawa ndani ya ufa. Parafujo isipolegea hutiwa mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya mashine, ikaachwa siku nyingi, hata majuma. Haraka haina faida hapo. Kila kipande kinachotoka huwekwa mahali pake na kupewa namba, maana parafujo mbili zinazofanana machoni hazifanani katika nyuzi zake.

Kutu nyekundu ni adui, lakini kutu nyeusi ni ngozi ya chuma. Kwa hiyo fundi hasugui mpaka chuma cheupe. Hutumia brashi laini ya nyuzi za shaba pamoja na mafuta, na kwa vipande vidogo iko njia ya zamani ya kuvichemsha katika maji safi ya mvua, yasiyo na chumvi. Kutu nyekundu hugeuka nyeusi na unga wake hufutika kwa brashi. Mwisho hupakwa nta. Ndani ya mtutu mara nyingi mna mashimo mashimo, kwa sababu masizi ya baruti nyeusi hunywa unyevu. Askari asiyeuosha mtutu wake kwa maji siku ile ile alikuta kutu kesho yake. Mashimo hayo hayazibwi. Ni sehemu ya habari za bunduki.

Kitako cha Sinaida na cha Martini ni cha mti wa mjozi kutoka Ulaya. Upande wa kulia huwa pamepigwa mhuri wa duara wa kiwanda. Msasa mara moja tu, na mhuri umekwenda. Palipoliwa na mchwa hugandishwa na kukazwa, na kipande cha asili kilichovunjika huunganishwa kwa gundi kuliko kuchonga kitako kipya. Vanishi haitakiwi kabisa. Mafuta kidogo ya kitani yatosha.

HABARI YA VIPANDE VYA ASILI

Mara nyingi kitu kinachokosekana ni kidogo: kamani, parafujo, kifa cha kupokelea nyundo, au pete ya kushikia mtutu. Yule anayedhani kipande cho chote cha Sinaida kitaingia katika Sinaida yo yote hajui historia yake. Kiwanda cha Serikali cha Enfield kilinunua mashine za Kimarekani katika miaka ya 1850, na tangu hapo vipande vyake vilitengenezwa kwa kipimo kimoja, hata mtambo wa bunduki moja uliweza kuingia katika nyingine. Lakini bunduki nyingi za mfano ule ule zilitengenezwa na mafundi wa Birmingham na London kwa mkono, kila moja ikipigwa tupa mpaka vipande vyake vikubaliane. Kipande cha bunduki moja ya Birmingham chaweza kukataa kuingia katika ndugu yake aliyetengenezwa meza ya pili. Kwa hiyo fundi husoma bamba la mtambo kwanza, ndipo atafute kipande.

Martini ni rahisi kidogo kuitambua: upande wa kulia wa mtambo kuna taji, herufi V.R. za Malkia Viktoria, jina la kiwanda, mwaka na chapa. Kamani yake si bapa kama ya Sinaida, bali imeviringwa na kukaa ndani ya kifuniko, ikizunguka sindano inayogonga risasi. Kamani ya asili ikivunjika si rahisi kuipata Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 2003 maelfu ya bunduki za kale, Martini zikiwamo, zilinunuliwa kutoka ghala ya jumba la kifalme la zamani huko Kathmandu, Nepal, na mpaka leo vipande vingi vinavyouzwa ulimwenguni vimetoka katika shehena hiyo.

Ziko pia za uongo. Katika milima ya mpaka wa Pakistani na Afghanistani, hasa Darra Adam Khel, wahunzi wameiga bunduki za Kiingereza kwa miaka zaidi ya mia, hata taji na herufi. Mara nyingi hujulikana kwa herufi N iliyogeuzwa nyuma, au kwa jina la kiwanda lililokosewa. Mwenye kulipa fedha nyingi kwa kipande cha asili ayasome maandishi polepole.

Je, mafundi wa hapa hawawezi? Wanaweza. Wasamia walikuwa wakiyeyusha chuma cha vilima vyao kabla ya bunduki ya kwanza kuonekana, na majembe yao yalilipiwa mahari mbali sana na kwao. Na leo Malaba, penye foleni ya malori, hapakosekani pua nzuri ya springi wala fundi wa jua kali wa kuifua. Kamani yake itafanya kazi. Lakini haitakuwa kipande cha asili, na ikiwekwa lazima ipigwe alama na kuandikwa, ili mtu wa miaka hamsini ijayo asidanganyike.

Kwa upande mwingine, kuna matengenezo ya kienyeji ambayo hayafai kuondolewa kamwe. Bunduki nyingi zilizotumika Afrika zilivunjika shingoni, pale penye wembamba kati ya mtutu na kitako, na wenyewe walizifunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, ambayo ikikauka hukaza kama chuma. Au kwa waya wa shaba. Fundi wa Ulaya asiyejua hukata ngozi hiyo na kuitupa ili airudishe bunduki "katika hali yake ya kwanza". Amefanya kosa kubwa. Kiwanda cha Enfield kilitengeneza bunduki maelfu kwa maelfu, lakini ngozi ile ilifungwa na mtu mmoja, hapa.

SHERIA NA MPAKA

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, yataka mwenye bunduki awe na cheti, na mwenye kazi ya kuzitengeneza awe ameandikishwa. Raia asijiamulie mwenyewe ya kuwa chuma alichokuta ni kikuukuu mno kuitwa bunduki. Mpakani polisi hawalichukui neno la bunduki kwa wepesi, na wana sababu: mwaka wa 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, ghala ya silaha ya Moroto iliporwa, na mwezi wa Desemba, 1987, majeshi ya Kenya na Uganda yalipigana hapo hapo Busia.

Kuna na sheria ya pili ambayo wachache huijua. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka wa 2006 yahesabu kuwa kitu cha kale kila kitu cha kuchukulika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka wa 1895, isipokuwa vitabu na hati. Na kitu cha namna hiyo hakitolewi nchini bila idhini. Bunduki iliyoachwa na msafara wa 1890 ni kitu cha kale kwa maana hiyo. Yafurahisha kuona kwamba bunduki hiyo ilipofika Busia haikufika Kenya ya siku zile, maana nchi hii yote mpaka Naivasha ilihesabiwa ya Uganda hata mwaka wa 1902. Lakini afisa wa forodha katika kituo cha pamoja kilichozinduliwa Busia mwaka wa 2018 hatasikiliza hoja hiyo. Kuibeba ng'ambo ili fundi wa Tororo aitazame ni magendo, hata kama nia ni njema.

Mwezi wa Novemba, 2016, Serikali ilichoma moto Ngong bunduki 5,250 zilizosalimishwa na kukamatwa. Hiyo ilikuwa kazi ya usalama, nayo ilistahili. Lakini bunduki ya kale ikitiwa ndani ya rundo la namna hiyo bila mtu kuitazama haitatengwa na nyingine. Kwa hiyo anayeisalimisha aombe, mbele ya chifu au mkubwa wa kituo, iandikwe kwamba ni ya kale, na Makumbusho ya Taifa yaarifiwe. Nyumba moja ya makumbusho iliyo karibu ni ya Kitale, iliyoanzishwa na Kanali Stoneham mwaka wa 1926, na mafundi wa kuhifadhi vitu wako Nairobi.

Wataalamu watakapokuja watauliza mambo mengi kuliko bei yake. Ilikuwa ya nani, na yeye aliipata kwa nani? Aliwahi kuwa askari, au mpagazi, au mwindaji? Ilikuwa na jina? Iliwekwa ndani ya nyumba ipi, na ilifungwa kwa kitu gani? Wazee wanaojua majibu waulizwe sasa, na maneno yao yaandikwe kwa lugha yao wenyewe, Kiteso au Kisamia au Kikhayo. Na picha ipigwe bunduki ikiwa pale pale ilipoonekana, kabla mtu ye yote hajaifuta vumbi.